Mbwa Mkubwa wa Verona na Cheti Changu cha Kiingereza

Jumapili, 14 Septemba 2025

Leo ni miaka kumi na moja, miezi miwili na siku sita tangu nitoke Machame. Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa. Simu inahesabu kwa siku tu, na kwa siku inatisha.

Daftari hili ni amri ya Mama Vasanti, mwalimu wangu wa Kiingereza. Alisema niandike kila jioni, kwa Kiingereza. Hakusema atalikagua. Basi naandika Kiswahili.

Hali ilivyo: miaka kumi ya kuishi hapa Uingereza kwa karatasi imetimia. Wakili anasema kimebaki kitu kimoja, cheti cha kuongea Kiingereza. Ule mtihani mwingine, wa maisha ya Uingereza, nilipita mara ya tatu. Yule mfalme mwenye wake sita alinifelisha mara mbili — nilikuwa nachanganya nani alikatwa kichwa na nani alipewa talaka. Sasa huu. Miadi ya karatasi ni tarehe 27 Novemba. Nikiwa na cheti, napata ukaazi wa kudumu na Desemba naenda nyumbani kwa raha zangu, narudi nikitaka. Nisipokuwa nacho, karatasi inaisha, na nikitoka hapa sirudi tena.

Na Desemba hii si ya kukosa. Jumapili ya tarehe 21 Tatiana anapata kipaimara. Nilimwacha ana miaka mitatu, anakula udongo nyuma ya banda la ng'ombe. Sasa ana kumi na minne na ananisahihisha Kiingereza kwenye simu.

Kwetu Desemba kila Mchaga anarudi. Mwenye gari, mlevi, mchungaji, hata aliyegombana na baba yake. Nyumba isiyo na mtu aliyerudi, majirani wanapita kuuliza kama kuna msiba. Kwangu wamepita mara kumi na moja. Adelina, mke wangu, anasema siku hizi hawaulizi, wanaleta ndizi tu na kuondoka.

Jumanne, 16 Septemba

Kazini Tooting, kusini mwa London. Mgongo umekufa. Leo imekuja sanamu.

Mwenye jengo ni Rakesh, Mhindi wa Kampala. Anafungua hoteli ya piza na ameamua iitwe Verona, mji wa Italia ambao hajafika. Akaagiza sanamu kwenye mtandao: mtu wa kale amepanda farasi, ukubwa wa kweli, faiba ndani, nje imepakwa ionekane jiwe. Tumeibeba watu sita. Bosi wetu Jaswant — Singasinga wa Nairobi, fundi mzuri, mdomo mrefu — alikuwa anaelekeza kwa mkono mmoja na kula sambusa kwa mkono wa pili.

Huyo mtu kwenye farasi anacheka! Kabisa, meno nje, kama mtu aliyesikia umbea. Mgongoni ananing'iniza kofia ya chuma yenye kichwa cha mbwa, na mbwa ana mabawa. Nikamuuliza Rakesh ni nani. Hajui. Akanipa kijitabu kilichokuja kwenye boksi.

Jina lake Cangrande. Kijitabu kinasema maana yake Mbwa Mkubwa. Mtawala wa mji, jemadari, watu wanapiga magoti mbele yake — na anaitwa Mbwa. Kwetu ukimwita mtu hivyo unaitwa baraza la kata. Ukoo wake ulikuwa na Mbwa wengine kadhaa. Nimesoma kurasa tatu wakati wa chai, na kamusi ya simu.

Alhamisi, 18 Septemba

Mtihani ni dakika kumi. Nusu ya kwanza unaongelea mada uliyoichagua mwenyewe. Nusu ya pili ni mazungumzo tu. Kwa hiyo mada ndiyo roho ya mambo yote.

Titus, Mkamba ninayekaa naye hapa Peckham, anaosha wazee kwenye nyumba ya wazee na anajua kila kitu. Nikamwambia nafikiria kuongelea mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, jinsi unavyopikwa. Akanitazama kama nimemwambia nataka kwenda mtihanini na kanga.

"Godi, skiza. Mtori, huyo mtahini ataingia YouTube dakika mbili, amekushika," alisema. "Chagua kitu hajui. Kama hajui, atakuuliza nini?"

Nimekaa na hilo neno kitandani. Lina akili. Kuna mtu gani London asiyejulikana na mtu yeyote? Yule wangu wa Tooting! Miaka mia saba amekufa. Hata mwenye sanamu hamjui.

Nimeamua.

Jumamosi, 20 Septemba

Queensbury kwa Mama Vasanti. Treni mbili na basi, saa nzima na nusu, nimelala njia yote nikapitiliza kituo.

Mama Vasanti ana miaka sabini na nane. Amezaliwa Moshi mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Kiswahili chake ni cha wakati huo, kimepigwa pasi. Ananifundisha jikoni kwake bure kwa sababu siku ya kwanza nilipomwambia natoka Machame aliuliza kama mlima bado upo. Nikamwambia upo. Akaweka chai.

Mada yangu haikumpendeza.

"Godlisten, mwanangu, wewe unamjua huyu mtu?"

Nikasema nimesoma kurasa saba.

"Mtori umekula miaka mingapi?"

Nikamweleza hoja ya Titus. Akachota chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga, akatafuna vyote kwanza. Halafu akasema sawa, nimweleze huyo Mbwa.

Nikamweleza. Alizaliwa 1291. Alipokuwa mtoto baba yake alimpeleka akaone sanduku la hazina, dhahabu tupu, ili mtoto afurahi. Mtoto akainua nguo akakojolea hazina. Kijitabu kinasema huenda ni hadithi tu, lakini Mama Vasanti alicheka mpaka akashika meza. Akasema hiyo nisiiseme mbele ya mtahini. Nikamwambia ndiyo sehemu pekee ninayoweza kuisema bila kukosea.

Tukakubaliana niandike maelezo mazima, yeye ayasahihishe, nikayashike.

Jumatano, 24 Septemba

Balaa. Walipima urefu wa farasi. Hawakumpima mtu aliye juu yake.

Tumemwingiza ndani leo, tumemsimamisha, kichwa kimegota dari. Rakesh alisema tupandishe dari. Jaswant alisema juu ya dari kuna familia ya watu wamelala. Mmoja akasema kata kichwa. Mimi nikasema hapana — sauti ilitoka yenyewe, wote wakanigeukia. Saidia fundi hana sauti kwenye mambo ya dari.

Mwisho: tushushe sakafu. Nani anachimba? Mimi. Nimechimba shimo kwenye zege, nusu mita, kwato ziingie. Nimechimba kaburi la farasi huku mwenye farasi akinichekelea juu yangu siku nzima.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeshika maelezo hadi vita vya mji wa Vicenza. Nasoma nikichanganya lipu, nasoma kwenye basi, nasoma chooni. Titus anasema usiku nasema miaka usingizini.

Jaswant kagundua. Nilidhani atanikaripia, kumbe akavuta ndoo akaikalia wakati wa chai, akasema yeye ndiye mtahini, nianze. Mafundi wengine wakakaa. Nikasimama mbele ya sanamu, mikono nyuma, nikaanza.

Nikafika mwaka 1311, anakuwa mtawala peke yake baada ya kaka yake kufa, ana miaka ishirini tu. Jaswant akainua mkono. Akauliza, huyu bwana, hizo kuta za mji nani alikuwa anajenga? Nikasema sijui. Akauliza, walikuwa wanapewa chai saa ngapi? Nikasema kijitabu hakisemi. Akasema basi hicho kijitabu kimeandikwa na mtu hajawahi kufanya kazi.

Nikataka kuendelea pale nilipoishia. Hakuna kitu! Kichwa cheupe. Ikabidi nianze tena, alizaliwa 1291. Akanikatiza tena kwa makusudi, huyo mnafiki. Tena 1291. Mara ya nne mafundi wote walikuwa wanaitikia pamoja nami kama darasa la pili.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeongea na Adelina baada ya ibada. Gauni la Tatiana limeshonwa. Jeupe, mikono mirefu. Mchungaji ameuliza jina la baba litakalosomwa kanisani, na kama baba atakuwepo kusimama. Adelina alijibu kwamba nasoma kwa ajili ya mtihani.

Nikamwambia habari za Mbwa Mkubwa. Kwamba alikuwa na nyumba kubwa Verona, akiwapokea watu waliofukuzwa miji yao, na kila aina ya mgeni ana chumba chake chenye picha ukutani. Chumba cha waliofukuzwa kilichorwa Tumaini.

Adelina akauliza chumba changu kimechorwa nini. Nikageuza simu nikamwonyesha ukungu wa kwenye kona. Ameucheka. Halafu akasema, taratibu, "Baba Tatiana, huyo mtu umemsoma vizuri. Usije ukamjua yeye kuliko sisi."

Nilisema mtandao unakatika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku mbaya. Naiandika yote.

Nilifika Queensbury nikiwa nimeshika yote, kurasa mbili nzima. Mpaka mwisho! Nikasimama jikoni, nikamwaga: Vicenza, ile siku watu wa Padua walipouvamia mji naye akapanda farasi mbio na watu wachache, inasemekana akanywa kikombe cha divai alichopewa na mama mmoja maskini, kisha akatoka nje akawafukuza. Halafu vita na Padua, miaka na miaka. Mara moja walimpiga mshale wa paja, akakimbia, akakimbizana na kifo juu ya farasi wa mkulima. Mwaka 1328 Padua ikawa yake. Mwaka uliofuata Treviso. Mwisho. Asante.

Mama Vasanti hakupiga makofi. Akasema nimesema kama redio. Akasema mtihani huu hawataki redio, wanataka mtu, na mtahini akisikia umekariri anakukata hapohapo. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la saba, na shule yetu kila kitu tulikariri: jedwali la kuzidisha, maziwa ya Afrika, maisha ya funza. Mwalimu akikukatiza, unaanza mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa. Ukianza katikati unapigwa.

"Najua," alisema. "Nilisoma Moshi, mwanangu. Nami nilipigwa."

Halafu akaniuliza swali moja tu. Kwa nini yeye? Kati ya watu wote waliowahi kuishi, kwa nini huyu?

Nikasema kwa sababu hajulikani. Akatikisa kichwa. Nikasema kwa sababu ana sanamu. Akatikisa. Nikasema kwa sababu Titus. Akaondoa vikombe.

Mlangoni nikamuuliza, ili tu nisiondoke kimya, yeye alirudi Moshi lini mara ya mwisho. Akasema tangu 1972 bado. Kila mwaka anasema mwaka ujao. Kwanza watoto, halafu duka la Tooting, halafu magoti. Alisema kama anasoma orodha ya vitu vya sokoni.

Nimekaa kwenye treni na hilo swali lake mpaka Peckham.

Hapa hakuna anayesoma, niseme ukweli. Watu nyumbani wanadhani ni karatasi iliyonizuia. Mwaka wa kwanza, ndiyo, mambo yalikuwa hayajakaa. Lakini baada ya hapo? Ruhusa ya kusafiri nilikuwa nayo. Kila Novemba palikuwa na jengo. Jengo la Croydon, Desemba. Jengo la Lewisham, Desemba. Ile shule iliyovuja. Kila moja nilisema hili tu, likiisha nakwenda nikiwa nimetulia. Likiisha linakuja lingine. Hakuna aliyenifunga kamba.

Jumatatu, 27 Oktoba

Verona imefunguliwa. Watu wanapiga picha na farasi. Hakuna anayeangalia kwato zilizozama kwenye sakafu — wanadhani ndiyo usanii. Rakesh anawaambia wageni ni ishara ya mtu aliyezama kwenye ardhi yake. Mimi nilikuwepo. Ni ishara ya mkanda wa kupimia.

Mchana Jaswant akaniita pembeni. Rakesh ameona Verona inajaa, anafungua ya pili, Queensbury. Itaitwa Padua. Amesoma kijitabu! Ya tatu itaitwa Treviso.

Na Jaswant akasema hivi: hii ya Padua, lipu yote ni yangu. Si saidia fundi tena. Fundi. Nitakuwa na watu wawili chini yangu. Miaka yote hii nimebeba ndoo za wengine, leo naambiwa nishike mwiko.

Nikauliza kazi inaanza lini. Tarehe mosi Desemba, hadi katikati ya Januari.

Nikasema nitafikiri. Jaswant akashangaa, nadhani alitegemea nitamkumbatia.

Baadaye nilimwambia Rakesh yaliyomkuta Mbwa Mkubwa Treviso, maana kijitabu chake hajakisoma hadi mwisho. Mji ulifungua malango, akaingia kama mshindi, Julai. Siku nne baadaye amekufa. Miaka thelathini na minane. Walisema alikunywa maji mabaya. Juzi juzi wataalamu wakafungua kaburi, wakakuta dalili ya sumu. Rakesh akawaza kidogo, akasema basi Treviso wataitafutia jina lingine.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemwambia Titus habari za ufundi. Akasema Mungu amenikumbuka. Nikamwambia ni Desemba. Akasema Desemba zipo nyingi.

Sijamwambia Adelina.

Jumapili, 9 Novemba

Mtihani keshokutwa. Nimeandika mada upya mara tatu. Nimechana mara tatu. Mama Vasanti amenipigia, ameniagiza nisishike chochote tena, nilale. Siwezi kulala, kichwa kizima kina miaka ya 1300.

Titus amenipa shati lake jeupe. Mikono inafika hapa kwenye viwiko. Amesema nisikunje mikono, nitaonekana fundi. Nikasema ufundi ndio nilioitiwa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefanya.

Nilifika saa moja kabla. Walinipekua kama uwanja wa ndege, wakachukua simu, saa, hata leso ya karatasi. Tulikaa watu wanane, hakuna anayeongea, kila mtu anasogeza midomo. Dada mmoja wa Kituruki alikuwa anakariri habari za keki. Nikamwonea wivu.

Mtahini ni mama wa makamo, miwani yenye mnyororo. Alipoingia nikasimama wima, mikono nyuma, nikamsalimia kwa wimbo ule wa darasani, ule wa watoto arobaini kwa pamoja — nikiwa mmoja. Akabaki na mkono hewani. Akaniomba nikae. Nikakaa. Akauliza jina, nikasimama tena kujibu. Ni ugonjwa. Akasema, kwa upole sana, kwamba hapa tunakaa tu.

Mada. Nikaanza. Alizaliwa 1291 Verona. Ilikwenda vizuri! Nilifika 1311. Akainua kidole.

"Samahani. Umesema jina lake ni Mbwa Mkubwa. Kwa nini mbwa?"

Sikuwa na sentensi ya mbwa. Nikamwomba nianze mwanzo. Akasema si lazima. Nikamwambia ni lazima. Akaandika kitu.

Halafu maswali yakamiminika. Alikuwa na mke? Watoto? Alipendwa? Kwa nini anacheka kwenye sanamu? Titus alisema mtahini asiyejua hataniuliza! Huyu mama hajui chochote kuhusu Verona, kwa hiyo alitaka kujua kila kitu. Angekuwa anajua angeniacha nimalize. Nilikuwa nimeloa shati la watu.

Halafu akaliuliza. Nililijua linakuja, na bado liliponifikia niliruka.

"Na kwa nini umemchagua yeye?"

Nikasema kwamba anafanana na mimi. Akatazama mikono yangu, halafu shati. Nikaona lazima nieleze.

Nikasema: huyu bwana alikuwa na mji mzuri. Nyumba, mke, wageni, vyumba vyenye picha. Lakini kila mara palikuwa na mji mmoja zaidi. Vicenza. Padua, karibu maisha yake yote. Treviso. Kitabu hakisemi alikuwa anawaza nini, lakini mimi najua, kwa sababu mimi ni saidia fundi. Alikuwa anasema huu tu, halafu napumzika. Na alirudi Verona akiwa amebebwa. Mimi sina miji, nina majengo. Nina binti ambaye nilimwacha na miaka mitatu. Juzi wamenipa jengo la Desemba na cheo juu yake, na jina la hilo jengo ni Padua, nakuapia, sitanii.

Niliongea ovyo. Nilichanganya jana na kesho. Nilisema "yeye" wa kike kwa jemadari mara nyingi tu. Sikukumbuka hata neno moja la zile kurasa mbili. Mama yule aliacha kuandika.

Akauliza, basi mwaka huu utakwenda?

Na mdomo wangu ukajibu kwa Kiingereza safi kabisa kwamba naondoka tarehe 19, nafika tarehe 20, ibada ni tarehe 21. Tiketi sina! Tarehe 19 sikuwahi kuipanga popote. Akasema inapendeza. Akashukuru. Dakika zikawa zimeisha, na ile nusu ya pili nadhani tulishaifanya bila mimi kujua.

Kwenye ngazi nilikaa chini. Yule dada wa Kituruki akapita akilia. Walimuuliza kwa nini keki.

Alhamisi, 13 Novemba

Matokeo bado. Walisema ndani ya siku saba.

Mama Vasanti anataka nimweleze kila neno. Nimemweleza hadi kusimama. Akauliza ni mara ngapi. Nikasema mbili. Hakucheka. Akasema yeye mwaka 1972 alisimama mara tatu, mbele ya afisa wa uhamiaji.

Jaswant anataka jibu kesho. Ana mtu mwingine, Mromania, anapiga lipu kama anapaka siagi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemjibu Jaswant wakati wa chai. Nimemwambia Padua apewe Mromania.

Hakuamini. Akaeleza upya kama vile sikusikia: ufundi, watu wawili, mwiko wangu mwenyewe. Nikasema nimesikia. Akauliza kama nimepata matokeo. Nikasema bado.

"Na ukifeli, Godi? Ukitoka bila karatasi, huingii tena. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Sasa?"

Nikamwambia nikifaulu nitarudi Januari, anipe jengo lolote, hata choo. Nikifeli, Machame nako kuna kuta. Akanimiminia chai yake mwenyewe kwenye kikombe changu, akasema mimi ni mjinga, na kwamba mama yake alifia Nairobi wakati yeye yuko huku anamalizia jengo la Wembley. Halafu akapiga kelele lipu inakauka, watu wanangoja nini.

Nimekata tiketi ya ndege kwa simu, kwenye basi nikirudi. Nikabonyeza mara mbili, nusura niwe na viti viwili.

Nikampigia Adelina nikiwa bado kituoni, mvua, mabasi yanapita. Nikamwambia aandike tarehe ya kufika. Akauliza kwanza kuhusu matokeo. Nikasema hayajatoka. Akauliza, sasa tarehe nimeipata wapi kama matokeo hayajatoka. Nikasema nimeinunua. Nilimsikia akifungua droo, anatafuta kalamu, haiandiki, anatafuta nyingine. Tatiana akachukua simu akaniambia, kwa Kiingereza, nitamke polepole.

Jumamosi tarehe 20 Desemba, saa nane na dakika kumi mchana, uwanja wa ndege wa KIA. Nimetamka mara mbili kwa Kiingereza, naye hajanisahihisha.